Risasi kilo 40

Najua nimekuwa kimya kwa muda, kazi za wateja zimenibana na stima ya hapa Mbotela nayo ina mambo yake. Leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala simu. Leo ni historia, ila ilianzia kwenye programu, kwa hivyo nivumilieni.

Kuna mzee mmoja hapa Eastlands ananunua vyuma chakavu: shaba, alumini, betri kuukuu za magari. Alitaka programu ndogo ya simu ya kuandika mzigo unaoingia na kutoa risiti. Akasisitiza iwe kwa Kiswahili kwa sababu vijana wake wa mizani ndio watakaoitumia. Nikaandika orodha ya bidhaa usiku mmoja, nikamkabidhi. Asubuhi ya pili akanipigia.

"Kijana wangu, hii ni nini umeniandikia hapa? Risasi, kilo 40? Askari akiokota hii karatasi nitamwambia nini?"

"Lakini mzee, ni ile inayotoka kwa betri. Jina lake kwa Kiswahili ndilo hilo."

"Wewe unajua ni ya betri. Karatasi haijui."

Nilicheka, nikabadilisha. Lakini usiku nilirudi kwenye lile neno. Kwa nini lugha yetu ina neno moja kwa madini laini ya kijivu na kwa kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki? Nilipolifuatilia, lilinipeleka Zanzibar, Brussels, Kilwa na Nyeri, kisha likanirudisha hapa hapa mtaani kwetu.

Wakati risasi ilikuwa risasi tu

Neno lenyewe ni la Kiarabu, na Waarabu nao hulitumia kwa maana zote mbili. Sababu ni kwamba zamani hapakuwa na tofauti. Kichwa cha risasi kilikuwa kitonge cha risasi, basi. Madini haya huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila shida. Unayeyusha kipande kwenye chuma chenye kina, unamimina kwenye kalibu, unangoja kidogo, umepata. Mafundi wa pwani walikuwa na kitenzi chake kabisa: kusubu.

Silaha iliyokula vitonge hivyo ni gobore. Tuitazame kama watu wa programu wanavyotazama mfumo, tukiuliza inahitaji nini ili ifanye kazi. Inahitaji mtutu, baruti, cheche, na kitu cha kurusha. Mtutu ulitoka ng'ambo, lakini ukitunzwa ulidumu miaka mingi. Baruti ilikuja kwa vipipa kupitia pwani. Cheche ilitoka kwenye jiwe la gumegume, na jiwe likichakaa unatafuta jingine. Kitu cha kurusha ulijisubia mwenyewe, na risasi ikikosekana watu walishindilia vipande vya chuma au hata vya waya wa shaba. Gobore lilisamehe mambo mengi.

Lango kuu la silaha hizi lilikuwa Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani humo alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Zilipanda na misafara hadi Tabora na Ujiji, na kilichoshuka pwani kulipa deni kilikuwa pembe za ndovu na watu. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake Unyamwezi kwa vijana wa rugaruga waliobeba magobore. Hata biashara ya watumwa ilisukumwa na mtutu huo huo: bunduki zilikamata watu, watu wakauzwa, bunduki nyingine zikanunuliwa.

Shikilieni hapo kwenye watumwa. Tutarudi, kwa sababu jina la mtaa wetu limetoka huko.

Fataki

Siku hizi ukisema fataki watu hufikiria zile za mkesha wa mwaka mpya. Kwenye kamusi za zamani fataki ni kitu kingine: kikofia kidogo cha shaba chenye chembe ya kemikali inayolipuka ikigongwa. Mzizi wake ni kasisi mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, aliyepata hataza mwaka 1807 kwa wazo la kuwasha baruti kwa kemikali ya kugongwa badala ya cheche ya jiwe. Katika miaka ya 1820 wazo hilo likawekwa kwenye vikofia, na kufikia miaka ya 1860 fataki, baruti na kichwa cha risasi vikafungwa pamoja ndani ya ganda moja la madini. Kitu unachokiona leo kwenye sinema na kukiita risasi kilizaliwa hapo.

Kwa mpiganaji, ganda ni raha tupu. Halilowi mvua ovyo, linajazwa haraka, linapiga mbali. Lakini tazama mfumo umebadilikaje. Kichwa bado unaweza kukisubu jikoni. Ganda ukiliokota baada ya kupiga unaweza kulitumia tena. Fataki huwezi kuitengeneza kwenye jiko la makaa. Inataka kemia, mashine, na wafanyakazi waliozoea kushika kitu kinachoweza kuwang'oa vidole. Kwa watu wengi duniani ilikuwa ni kununua au kukosa.

Wenzangu wa programu tunalijua jambo hili. Machi 2016 jamaa mmoja aliondoa kwenye hazina ya npm kifurushi kidogo kiitwacho left-pad, mistari 11 tu ya msimbo, na programu za watu duniani kote zikagoma kujengeka. Hakuna aliyekuwa akikiwaza kile kifurushi. Fataki ilikuwa left-pad ya bunduki: kitu kidogo kuliko vyote, na pasipo nacho vingine vyote ni chuma tu.

Wazungu waliouona mshono

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya, pamoja na Marekani, Uturuki, Uajemi na Zanzibar, yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Ulikuwa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha. Vilihusu eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Bunduki za kisasa na risasi zake zilikatazwa kuingia, isipokuwa kwa walioruhusiwa na serikali. Lakini uliachwa mlango: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuendelea kuuzwa chini ya usimamizi.

Soma tena mstari ulipopita. Upande mmoja kuna bunduki unayoweza kuilisha mwenyewe nyumbani, na hiyo unaachiwa. Upande wa pili kuna bunduki inayokula kutoka kiwandani, na hiyo wanabaki nayo wao. Sijui kama waliokaa pale mezani walilifikiria kwa maneno haya, lakini matokeo yake ndiyo hayo. Na kweli, sababu waliyoitoa haikuwa ya uongo wote, kwani bunduki zilikuwa zinawinda watu. Ila sheria ile ile iliyomkinga mtu na mwinda watumwa ilimwacha bila kinga mbele ya mkoloni aliyekuwa njiani.

Tofauti inaonekana ukitazama Ethiopia, ambako Menelik alinunua bunduki za kisasa pamoja na risasi zake kwa wingi kabla ya Adwa mwaka 1896. Huko risasi ya kiwandani ilithaminiwa kiasi kwamba watu waliitumia sokoni kama sarafu. Fikiria kununua kuku kwa risasi moja. Pesa hiyo haikuhitaji sahihi ya gavana.

Maji

Kusini mwa Tanganyika hawakuwa na Adwa. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji yaliyosemekana kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Alinyongwa tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, lakini vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Tarehe 30 Agosti wapiganaji walijitupa kwa mamia mbele ya boma la Mahenge, na bunduki za mtombo ziliwafyeka.

Tulipofundishwa habari hii shuleni darasa lilicheka kidogo, kana kwamba wazee wale walikuwa wajinga. Mimi siwacheki tena. Hawa walikuwa watu waliosubu risasi wenyewe. Waliiona kwa macho yao ikiwa maji: ukiiweka motoni inatiririka na kung'aa kama zebaki. Walijua risasi ya zamani, inayotoka kwenye gobore lenye mtutu laini, kwa mwendo mdogo, ikikosa zaidi ya inavyopata. Walichokuwa hawajakijua vya kutosha ni kiwanda. Bunduki ya mtombo mbele yao ilikuwa na mlolongo nyuma yake unaofika hadi Ujerumani, na mlolongo huo haukukatika. Kwa makadirio, watu kati ya 200,000 na 300,000 walikufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na chakula kuchomwa.

Bastola moja, risasi sita

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari Kenya. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na tatizo ambalo mkitaka kulielewa, tembeeni Shauri Moyo na Kamukunji mtazame mafundi wa jua kali wakifanya kazi. Bunduki waliweza kuitengeneza. Mafundi waliunda mitutu kwa mabomba ya maji, wakafunga makomeo ya milango na mipira ya tyubu ya baiskeli. Sehemu kubwa ya silaha zilizonaswa na Waingereza ilikuwa ya aina hiyo. Nyingine zilimlipukia mpigaji, lakini zilikuwepo.

Risasi hawakuweza kuitengeneza. Ilibidi inunuliwe kwa siri kwa askari, iibwe kambini, au ipokonywe. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakawafungua wafungwa na kuondoka na bunduki na risasi ndani ya lori. Nairobi, hasa mitaa yetu hii ya Eastlands, ndiyo iliyokuwa ghala na njia ya kupitishia. Ndiyo maana tarehe 24 Aprili 1954 serikali iliufunga mji kwa Operesheni Anvil, ikawapanga watu foleni na kuwapeleka maelfu kizuizini. Baada ya hapo msitu ulianza kukauka.

Na sheria ililijua hilo kuliko mtu yeyote. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, kupatikana na silaha au risasi bila ruhusa kulitosha kukunyonga. Haikulazimu uwe umepiga mtu. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, aliyekuwa amepigana Burma upande wa Waingereza, alikamatwa Januari 1954. Moja ya mashtaka dhidi yake ilikuwa kuwa na risasi mbili. Mbili. Alihukumiwa kifo, kisha akasamehewa kunyongwa. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Kesi yake ilisikilizwa Nyeri mwezi uliofuata, na mashtaka yalikuwa bastola moja ya .38 na risasi sita. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake pale Kimathi Street, iliyozinduliwa mwaka 2007, imeshika bunduki ndefu na kisu. Kilichompeleka kitanzini ni bastola na vitu sita vinavyoenea kwenye kiganja. Kwa jumla Waafrika 1,090 walinyongwa chini ya sheria zile, na wengi wao si kwa kuua.

Nilipokuwa nikisoma haya nilimkumbuka mzee wangu wa vyuma. Hofu yake juu ya karatasi iliyoandikwa "risasi" haikutoka hewani. Imerithiwa.

Jina la mtaa

Wengi tunaoishi hapa hatuulizi Mbotela alikuwa nani. Mtaa umepewa jina la Tom Mbotela, diwani wa Nairobi na makamu wa rais wa chama cha KAU, mtu wa siasa za wastani aliyepinga Mau Mau waziwazi. Aliuawa usiku wa tarehe 26 Novemba 1952, mwezi mmoja na siku chache baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Diwani mwingine, Ambrose Ofafa, aliuawa mwaka uliofuata, na ndiye aliyeipa jina mitaa ya Ofafa. Kwa hiyo ukipanda matatu za upande huu unataja majina ya watu waliouawa katika vita vile, kila siku, bila kujua.

Baba yake Tom alikuwa James Juma Mbotela, mwandishi wa kitabu cha *Uhuru wa Watumwa* kilichotoka mwaka 1934. Familia yao ilitokana na watu waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa na kuwekwa Freretown, karibu na Mombasa. Babu alitekwa katika zama za gobore. Mjukuu aliuawa katika zama za risasi ya kiwandani. Kama ningetunga hadithi mngesema nimezidisha.

Wanaosubu hadi leo

Mnaweza kudhani ufundi wa kusubu risasi umekufa. Marekani haujafa hata kidogo. Kuna watu wanaoshindana kulenga shabaha kwa bastola za silinda, na wengi wao hujisubia vichwa vya risasi gerejini. John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal mwaka 1884 kuuza koleo na kalibu za kazi hiyo, na biashara yake ilikuja kununuliwa na Lyman mwaka 1925.

Nilijiuliza kwa nini bastola ya silinda hasa. Majibu ni mazuri kifundi. Kwanza, risasi yake ya shabaha huenda polepole, kwa hivyo madini laini yasiyovikwa shaba hayaachi ukoko mwingi kwenye mtutu, mradi yamepakwa mafuta au nta. Pili, maganda hubaki ndani ya silinda badala ya kurushwa majanini, hivyo unayaokota yote na kuyajaza tena. Tatu, umbo la kichwa halisumbui. Wanaolenga shabaha hupenda kichwa chenye uso bapa kabisa, kwa sababu hutoboa karatasi tundu safi la duara na alama huhesabika bila ubishi.

Kilichonifurahisha zaidi ni madini yao. Risasi tupu ni laini mno, kwa hivyo huchanganya na bati na antimoni, na kwa miaka mingi walipenda kununua masalio ya mashine za kupiga chapa za Linotype: takriban risasi asilimia 84, antimoni 12 na bati 4. Mashine hizo zilianza kazi mwaka 1886 na zilipiga chapa magazeti ya dunia kwa karibu karne nzima, mpaka kompyuta zikazistaafisha. Yaani kazi yangu mimi iliua kazi ya zile herufi, na herufi zikayeyushwa kuwa vichwa vya kutoboa karatasi.

Lakini hata hao, wenye kalibu, maganda na madini tele, fataki hununua dukani. Kati ya 2020 na 2022, wakati wa korona, fataki ziliadimika Marekani mpaka watu wakapiga foleni. Gereji zilijaa kila kitu isipokuwa kile kikofia. Miaka 130 baada ya Brussels, mshono ulikuwa pale pale.

Na sisi?

Kwetu ukitaka kulenga shabaha unaweza, ila kwa leseni. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inadai cheti cha silaha na cha risasi vilevile, na kutengeneza bila kusajiliwa ni kosa. Tangu mwaka 1997 tuna kiwanda chetu cha risasi cha Eldoret, na mwaka 2021 kikafunguliwa cha bunduki ndogo Ruiru. Serikali huru ilirithi somo la mkoloni: hesabu risasi, bunduki itatulia yenyewe. Sisemi ni kosa. Naishi Eastlands, sitamani kila jirani awe na kalibu. Nasema tu tujue hesabu hiyo ilianza wapi na nani aliilipia.

La mwisho kabla sijasahau. Ile ya kilo 40 nayo huua bila kupigwa. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Watoto ndio huumia zaidi, kwa sababu sumu hii huingia kwenye ubongo unaokua. Nilimweleza mzee wangu haya yote tukinywa chai. Alinyamaza kidogo, kisha akawaita vijana wa mizani akawaambia kuanzia siku hiyo betri hazivunjwi pale uani, zinauzwa zima.

Kwenye programu tulikubaliana iandikwe "Betri, kilo 40". Lile neno nimelitoa kabisa kwenye orodha.

Kama una babu au nyanya aliyeishi Shauri Moyo, Kaloleni au Bahati miaka ile ya hamsini, muulize habari za misako ungali na nafasi. Halafu uniandikie. Tutaonana wiki ijayo, stima ikiruhusu.